Mshahara wa Mtawala na Hesabu ya Umma katika Maniema ya Kusini

Mnamo Februari 1887, mjini Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliwekeana mkataba na H. M. Stanley, wakili wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, kwa sharti kwamba apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo na azuie utekaji wa watumwa katika eneo lake. Biashara zake binafsi aliruhusiwa kuendelea nazo. Kwa mtu ambaye misafara yake ilishusha pembe za ndovu kutoka Kasongo hadi pwani, pauni 30 hazikuwa riziki, na kuzikosa kusingemtisha.

Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis mwezi Aprili 1893. Kabambare ikafuata mwanzoni mwa 1894, Rumaliza aliposhindwa. Watawala wapya walikuja na utaratibu ulio kinyume kabisa, kwani malipo yao yalifungamana na makusanyo. Tangu 1892 maofisa wa Dola Huru walipewa ziada juu ya mshahara kwa pembe na mpira waliokusanya, na kadiri mwenyeji alivyolipwa kidogo ndivyo ziada ya ofisa ilivyozidi. Katika daftari za Brussels huo ulikuwa uangalifu wa fedha. Vijijini ulikuwa dhuluma yenye tuzo.

Ni vema historia hiyo ikumbukwe kila lisemwapo jambo la kufungamanisha malipo ya wabunge na bajeti. Katiba ya Kongo ya Februari 2006 inawapa wabunge na maseneta posho ya haki, ya kulinda uhuru na heshima yao, nayo posho hiyo huwekwa katika sheria ya fedha, sheria ambayo wao wenyewe huipigia kura. Muswada wake hupaswa kufika bungeni si baada ya tarehe 15 Septemba. Ukichelewa, serikali huomba fedha za muda. Mfuko wa mbunge hauguswi. Katiba hiyohiyo yatamka kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka mikoani ibaki huko tangu mwanzo. Kwa muda mrefu mikoa imengoja mgawo kutoka Kinshasa badala yake, Maniema ikiwamo.

Marekani ilijaribu adhabu mwaka 1913+100, yaani 2013: wabunge ambao baraza lao lisingepitisha mpango wa bajeti ifikapo tarehe 15 Aprili wangezuiliwa mishahara kwa muda. Mabaraza yote mawili yaliuwahi mwezi Machi, kila moja na mpango wake, yasipatane. Tarehe ilitimizwa, hesabu haikutengenea.

Kongo inacho kipimo kilicho bora. Katiba yaitaka Mahakama ya Hesabu ilete bungeni, kila mwaka, hesabu kuu ya dola pamoja na maoni yake. Kama posho ingefungwa, basi ifungwe hapo, katika kuisoma hesabu iliyokwisha kutumika, si katika kuharakisha makadirio. Mbunge wa Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya imechimbwa, angelazimika kuuliza ni kiasi gani cha mapato kilichorudi wilayani kabla hajatia sahihi orodha ya malipo yake.