Kitambaa cha Kuzunguka Kisiwa

Babu yangu alichoma chokaa Kilwa Kivinje, na mimi nilibeba kuni za tanuu kabla sijaanza shule. Ndiyo maana hoja moja niliyofundishwa darasani haikuniingia: kwamba magofu ya mawe ya Kilwa Kisiwani ni ushahidi kuwa wajenzi walitoka ng'ambo, kwa kuwa wenyeji walijenga kwa fito na udongo. Tumbawe likitoka baharini ni laini, hukatwa kwa shoka na kuchongwa kwa tezo. Likikaa juani hukaza. Mtu aliyezaliwa kando ya mwamba, mwenye mikoko ya kutosha kwa boriti na kuni, alihitaji mgeni amwonyeshe nini?

Hadithi yenyewe kila mtoto wa Kilwa anaijua. Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz kule Uajemi, alikinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Masimulizi ya watawala wa Kilwa yaliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na João de Barros akayachapa kwa Kireno mwaka 1552. Ni ushahidi, lakini wa jambo gani? Wa namna wakubwa wa Kilwa wa wakati ule walivyotaka asili yao ikumbukwe.

Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960, alimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, zikapatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zina jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu. Dinari ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Kama akiba ile ilifukiwa karibu na 1200, dinari za miaka 130 iliyofuata zilikwenda wapi? Hapo hoja ya Chittick ilikatika: Ali ni wa karne ya 11.

Sarafu, hata hivyo, hazisemi Ali alitoka wapi. Nami kwa miaka mingi nilisisitiza kuwa Ushirazi ni ngano tupu. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao pwani yetu: upande wa mama wengi asili yao Afrika, upande wa baba wengi Uajemi. Kauli yangu nimeifuta. Lakini wanaodai kuwa sasa mawe yamepata mwenyewe, nao wanaruka. Makaburi mengi yale ni ya watu wenye nafasi, na mfupa hauelezi nani alikata tumbawe.

Swali la mawe limejibiwa Shanga, kisiwani Pate. Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za nguzo za misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, mahali palepale. Wa kwanza ulisimama mwishoni mwa karne ya 8, karibu miaka 300 kabla ya sarafu za Ali. Yaani waliosali penye miti ndio waliohamia kwenye mawe, hatua kwa hatua.