Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Hapa Fittja, vijana wetu hudhani mkwamo wa Zanzibar wa Januari 1961 haukupata kutokea kwingine. ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wawili wa ZPPP wakaelekea ZNP, mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Dawa ikatafutwa katika hesabu: kiti cha 23, na uchaguzi mwingine Juni. Ghasia zake ziliua watu 68.

Sweden nayo, majengo yetu haya yakiwa bado mapya, ilitoka uchaguzi wa 1973 na wabunge 175 kwa 175. Kura zilipolingana, bunge liliamua kwa bahati nasibu. Lakini Olof Palme hakutegemea bahati peke yake: 1974 alikaa na Folkpartiet katika kasri la Haga, wakapatana juu ya kodi. Hesabu ilirekebishwa baadaye, viti 349 tangu 1976.

Zanzibar pia pande mbili zilikaa pamoja, katika serikali ya mpito ya 1961. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo fursa iliyopotea, kwani ilikaa kungoja uchaguzi tu. Wazee wa hapa hukumbuka kwamba Chake Chake ilichukuliwa kwa kura moja. Serikali ile ya miezi mitano hawaitaji.