Kuzima Kabla ya Kuwasha: Tanuru za Zegereni na Hatima ya Vyanzo vya Mionzi Tanzania

Mjadala wa nyuklia katika Afrika Mashariki umetawaliwa na mambo makubwa. Tanzania, macho yote yako Mto Mkuju wilayani Namtumbo, ambako mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa Julai 2025. Kenya, wakazi wa Uyombo huko Kilifi waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha umeme kilichopangwa kujengwa kwao. Uganda, jina linalotajwa ni Buyende. Anayeshangilia na anayepinga wote wanabishania kitu ambacho kwa sehemu kubwa bado hakijajengwa. Makala haya yanaelekea kwingine: Zegereni, eneo la viwanda la Kibaha upande unaopakana na Kisarawe, na ukanda mzima wa viwanda wa Pwani unaoyeyusha vyuma chakavu na kuvigeuza nondo. Ninadai kwamba utayari wa taifa kwa teknolojia ya nyuklia hupimwa kwa namna linavyokistaafisha kifaa kidogo kilichochoka, na kwamba kwa Tanzania mtihani huo unafanyika kila siku, bila msimamizi, kwenye lango la kiwanda cha chuma.

Tuanze na vifaa vyenyewe, maana watu wengi hawajui kwamba nchi isiyo na kinu hata kimoja imejaa vyanzo vya mionzi. Taasisi ya Saratani Ocean Road imetibu wagonjwa kwa miaka mingi kwa mashine za kobalti-60. Wajenzi wa barabara na reli hupima ushindiliaji wa udongo kwa vipimo vyenye siziamu-137 na amerisiamu-241. Mafundi wanaokagua maungio ya mabomba hutumia iridiamu-192, na viwanda kadhaa hupima ujazo wa matangi kwa mionzi ya gama. Kila kimoja kina umri wake. Nusu-maisha, yaani muda ambao nusu ya viini huwa imekwisha kubadilika, ni siku 74 kwa iridiamu, miaka 5.3 kwa kobalti, miaka 30 kwa siziamu na miaka 432 kwa amerisiamu. Kampuni iliyoleta kifaa inaweza kufilisika, mkandarasi akaondoka nchini, mhandisi aliyekuwa na funguo za stoo akastaafu, na kifaa kikabaki. Lugha ya wataalamu hukiita chanzo yatima, na ni jina linalostahili.

Watu hudhani kwamba chanzo kilichochoka hakina nguvu tena. Hesabu rahisi inakanusha. Chukua mashine ya tiba iliyoanza na terabekereli 200 (kipimo cha ukali wa chanzo) za kobalti-60. Baada ya miaka 26, yaani takriban nusu-maisha tano, imebaki na sehemu moja ya 32, kiasi cha terabekereli 6. Hospitali haiwezi tena kutibu nayo kwa ufanisi, kwa hiyo kwa daktari imekufa. Lakini mtu akisimama mita moja kutoka kwenye kiini hicho bila kinga, atapokea kiasi cha siveti 2 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa saa, na siveti 4 hadi 5 kwa mwili mzima huua nusu ya wasiopata matibabu. Kifaa kimekuwa hafifu mno kwa tiba, ilhali bado kina nguvu ya kuua fundi kwa saa chache. Katikati ya hali hizo mbili ndipo kinapoingia sokoni.

Tena kinaingia kwa sababu ya kinga yake. Ili mionzi isipenye, kiini hufungwa ndani ya risasi, tangisteni au urani hafifu, vyote vizito kupita kiasi. Biashara ya vyuma chakavu hulipa kwa kilo. Muokota vyuma anayeona boksi dogo lisilobebeka kwa mkono mmoja anaona pesa, na mwenye mizani anaona pesa zaidi, hasa kama risasi ile ina mnunuzi anayeyeyusha betri. Hapa uhandisi wa usalama unapigana na uchumi wa mtaani, na uchumi wa mtaani una watu wengi zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Goiânia, Brazili, Septemba 1987: kliniki iliyohamishwa iliacha mashine ya siziamu, watu wawili wakaing'oa na kuiuza kwenye yadi ya skrepa, na ung'avu wa buluu wa unga ule ukawavutia ndugu na majirani. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 wakapimwa. Ndivyo pia ilivyokuwa Mayapuri, Delhi, mwaka 2010, ambako chombo cha kobalti kilichokaa bila kazi tangu miaka ya 1980 kilipigwa mnada na idara ya chuo kikuu, na mfanyakazi mmoja wa skrepa akafa. Aliyepiga mnada hakuwa mwizi. Alikuwa anasafisha stoo.

Kifaa kikipita mizani kikafika kwenye tanuru, kemia ndiyo inayoamua. Kobalti ni jirani wa chuma kwenye jedwali la elementi, huyeyuka na kuchanganyika nacho kabisa. Hubaki ndani ya nondo. Siziamu huchemka mapema na kuwa mvuke, kisha huganda juu ya vumbi la moshi na kunaswa kwenye mifuko ya kuchujia, kama mifuko ipo. Amerisiamu huelea na kuishia kwenye mavi ya chuma, yale mabaki ambayo aghalabu humwagwa kufukia mashimo. Kwa hiyo kosa moja lina njia tatu za kutokea: ukutani mwa nyumba ya mtu, angani, au barabarani. Huko Ciudad Juárez, Meksiko, mashine ya tiba yenye vidonge takriban 6,000 vya kobalti iliuzwa skrepa Desemba 1983. Tani elfu kadhaa za chuma zilichafuliwa na nyumba zaidi ya 800 zikabomolewa nzima au kwa sehemu. Aliyegundua hakuwa mkaguzi wa kiwanda wala wa mpakani: Januari 1984 lori la nondo lilikosea njia karibu na maabara ya Los Alamos nchini Marekani, na kihisi cha getini kikalia.

Kihisi kile kiliweza kulia kwa sababu kiini cha atomu hakiwezi kujificha kwa anayejua kukisikiliza. Elimu ya muundo wa viini, ambayo kwa wengi ni nadharia ya mbali, ndiyo inayotuambia kwamba kobalti-60 ikibadilika kuwa nikeli-60 hutoa fotoni mbili zenye nishati ya megaelektroni-volti 1.17 na 1.33, wala si nyingine, na kwamba siziamu-137 hujitambulisha kwa 0.662. Ngazi hizi za nishati ni zilezile Kibaha na Los Alamos. Mhitimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, akiwa na kihisi cha fuwele na kompyuta ya kawaida, anaweza kusema kwa uhakika ndani ya dakika chache ni kitu gani kimejificha ndani ya lori, mradi mionzi yake inapenya nje. Tunafundisha ngazi za nishati kwa ajili ya mtihani, kisha tunaacha lori lipite.

Itakuwa dhuluma kusema Tanzania haijafanya kitu. Sheria ya kwanza ya kinga ya mionzi ilitungwa mwaka 1983 na kuzaa Tume ya Taifa ya Mionzi. Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, na kuna hifadhi kuu ya mabaki ya mionzi jijini Arusha. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea chumba cha kuhamishika kilichobuniwa Afrika Kusini kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Chumba hicho husafirishwa kwenye makontena na kuta zake hujazwa mchanga unene wa mita 1.5, kisha mafundi, wakiwa nje na mikono ya mashine, hutoa vyanzo vikali vilivyostaafu na kuvifunga upya kwa usalama. Mapema zaidi, mbung'o waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi ya gama waliachiwa Unguja kwa ndege kati ya 1994 na 1997, hadi kisiwa kikatangazwa kuwa huru dhidi ya mbung'o. Mafanikio haya yana sifa moja: chanzo kilijulikana, mwenyewe alijulikana, na kulikuwa na karatasi. Mfumo wetu unawaona wenye leseni. Chanzo yatima kwa tafsiri yake hakina leseni, na lori linalokibeba halijui linabeba nini.

Wapo watakaouliza: mbona hatujasikia nondo zenye mionzi Pwani? Hoja hii inavutia lakini haina miguu. Meksiko nayo haikusikia, hadi dereva alipopotea njia. Kutosikia king'ora mahali pasipo na king'ora si ushahidi wa amani. Kipingamizi kizito zaidi ni cha gharama: viwanda vya Zegereni vinashindana na chuma cha nje, na kila kifaa cha ziada ni mzigo. Jibu ni Algeciras, Hispania, Mei 1998, ambako chanzo cha siziamu kiliyeyushwa kwenye kiwanda cha Acerinox na wingu lake likapimwa Ufaransa, Italia, Uswisi na Ujerumani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 26, na sehemu kubwa yake ilitokana na tanuru kusimama. Tukio hilohilo linanipa tahadhari ambayo lazima niikubali. Kiwanda kile kilikuwa na vihisi langoni, na chanzo kikapita, kwa kuwa risasi nene ikizungukwa na tani za chuma huficha sauti. Kwa hiyo sipendekezi lango moja la kuaminiwa kama hirizi. Panahitajika kipimo langoni, kipimo cha sampuli ya chuma kilichoyeyuka, na kipimo cha vumbi na mavi ya chuma. Cha mwisho ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Malori yanayotoka bara kwa barabara ya Morogoro husimama mizani ya Vigwaza kabla ya kufika Kibaha. Yamekwisha kusimama, dereva amekwisha kununa, kuongeza nguzo mbili za vihisi hakumwongezei dakika. Skrepa ya Dar es Salaam haipiti Vigwaza, na hiyo lazima ipimwe kwenye malango ya viwanda vyenyewe. Lakini ugumu wa kweli upo baada ya king'ora kulia, na hapo ndipo pendekezo langu lina ubishi. Ikiwa atakayekikuta chanzo ndiye atakayelipia kukisafirisha hadi Arusha, kiasi cha kilomita 600, na pengine kuhojiwa kama mshukiwa, basi mwenye yadi mwenye akili timamu atazima kihisi, au atakitupa kitu kile porini upande wa Kisarawe. Sheria nzuri inaweza kuzaa tabia mbaya. Anayepata na kutoa taarifa asitozwe shilingi wala asiadhibiwe, na gharama ibebwe na mfuko unaotokana na amana ambayo kila mwingizaji wa chanzo angeweka siku anapokileta nchini, arudishiwe siku anapokikabidhi kikiwa kimestaafu. Hispania ilichagua mwaka 1999 njia ya makubaliano ya hiari kati ya serikali, wenye viwanda, wauza skrepa na wakala wa mabaki ya mionzi. Nasi tunaweza kuichagua, mradi mwenye mizani wa mtaani awe mezani, kwa sababu ndiye anayekigusa kitu kwanza.

Kuna wanaohofu kwamba kulisema hili kutawatia watu taharuki na kuua soko la nondo za ndani. Naona kinyume chake: nondo yenye cheti cha kipimo ina soko ambalo nondo isiyo nacho haina, hasa katika masoko ya nje yanayopima kila shehena.

Yote haya yanarudi kwenye vinu, kwa njia ambayo wapangaji wetu hawaitaji. Kinu nacho kinaweza kuzaa yatima: kile cha majaribio cha Kinshasa, cha kwanza Afrika, kilianza kazi mwaka 1959. Fimbo zake mbili za mafuta zilizoibwa zilizua sakata, na moja ikakamatwa Italia mwaka 1998. Hata ndoto safi kuliko zote, nishati ya muungano wa viini, huishia kwenye skrepa. Mtambo wa JET huko Culham, Uingereza, uliozalisha megajuli 69 katika jaribio moja, ulizimwa Desemba 2023 na sasa unabomolewa, kazi itakayochukua miaka mingi. Nyutroni zenye megaelektroni-volti 14 zilizogonga kuta zake zilizalisha, miongoni mwa vingine, kobalti-60 ndani ya chuma chenyewe. Kazi ya kubomoa mtambo wa nyuklia kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuchambua vyuma: kipi kiende hifadhini na kipi kirudi tanuruni kama chuma cha kawaida. Mpaka unaotumika kimataifa kwa kobalti-60 na siziamu-137 ni bekereli 0.1 kwa gramu. Nchi ambayo tanuru zake haziwezi kupima kiwango hicho haiwezi kukibomoa kinu chake kwa haki, hata kama itapata fedha za kukijenga.

TAEC, Mkoa wa Pwani na wenye viwanda wakae pamoja kabla mtu yeyote hajachora ramani ya kinu. Hadi malango ya Zegereni yatakapopimwa na matokeo yake kutangazwa hadharani, leseni ya kinu cha umeme wa nyuklia Tanzania haistahili kusainiwa.