Ugonjwa Usiotafutwa: Matibabu ya Kawaida katika Karantini ya Hoteli

Serikali ya Kenya ilipotangaza tarehe 22 Machi 2020 kwamba kila atakayeingia nchini kutoka ng'ambo atawekwa karantini ya lazima ya korona kwa gharama yake mwenyewe, mjadala uliozuka ulihusu zaidi pesa na usafi. Abiria waliotua Nairobi kabla ya safari za kimataifa kusitishwa usiku wa tarehe 25 walipelekwa katika hoteli zilizoteuliwa au katika mabweni ya taasisi za umma, vikiwamo vyuo vya mafunzo ya utabibu. Wapo waliozuiliwa zaidi ya siku 14, wengine kwa kuwa hawakuwa na cha kulipia bili. Shirika la Human Rights Watch liliyaeleza hayo Mei mwaka huo, na mapema mwezi huohuo serikali ilikuwa imekubali kubeba gharama za vituo vya umma. Swali moja, hata hivyo, halikupata nafasi yake: mtu aliyefungiwa chumbani kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda hana, akiugua ugonjwa mwingine, atatibiwa na nani?

Dola inapomzuia mtu ndani ya chumba inamwondolea uwezo wa kujitafutia tiba. Hawezi kuvuka barabara kwenda duka la dawa, wala kumfuata daktari anayemjua. Kwa kumwondolea uwezo huo, inabeba wajibu wa afya yake yote, si wa kirusi kinachohofiwa peke yake. Mpango wa hoteli uliukatakata wajibu huo hadi ukakosa mwenyewe.

Tumfikirie abiria mwenye kisukari. Aliondoka nyumbani na dawa za wiki mbili, ndege zikafutwa, safari ikarefuka, kisha zikaongezwa siku 14 za karantini. Insulini inataka ubaridi wa kadiri, na friji ndogo ya chumbani, ile ya soda na maji, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Chakula kinaachwa mlangoni kwa saa za jikoni, si kwa saa za sindano. Kifungua kinywa ni mkate mweupe, jemu na juisi ya pakiti. Asubuhi mhudumu wa afya anapita na kipimajoto, anauliza homa na kikohozi, anaandika 36.5, anakwenda chumba cha pili. Fomu yake haina mahali pa kuandika sukari. Mgonjwa akipiga simu mapokezi anaambiwa hayo ni ya watu wa Wizara ya Afya. Akimuuliza mlinzi wa koridoni, anajibiwa kwamba yeye kazi yake ni mlango. Hakuna aliyemnyima matibabu, kwa maana kila mmoja amemwelekeza kwa mwenzake, na kwa adabu kabisa.

Mwanasheria atasema Katiba ya Kenya ya 2010 imeshalimaliza jambo hili, kwa kuwa Ibara ya 43(2) inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kinga hiyo ni ya lazima, lakini hapa inafika kwa kuchelewa. Siku ya kwanza bila insulini, huyu abiria si mgonjwa wa dharura machoni pa mlinzi wala karani. Ni mgeni msumbufu. Baada ya siku chache anaweza kuwa mahututi. Ndivyo ilivyo pia kwa jino lililovimba, kwa mjamzito aliyekosa kliniki, na kwa anayetumia dawa za kufubaza VVU ambaye chupa yake imekwisha na anaona haya kulisema hilo kwa simu ya hoteli. Karantini isiyo na tiba ya kawaida huzalisha dharura zake yenyewe, kisha hujisifu kwa kuita gari la wagonjwa. Ibara inayopaswa kutangulia basi ni ya 43(1)(a), inayompa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa.

Mahakama za Kenya zilikwisha kulikaribia suala hili kabla ya korona. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walifungwa katika gereza la Kapsabet, kwa kutumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba, na akaitaka serikali itunge sera ya namna ya kuwatenga wagonjwa wa aina hiyo. Nauona uamuzi huo ukivuka kuta za gereza: uhalali wa kumzuia mtu kwa jina la afya unatokana na huduma ya afya anayopewa akiwa amezuiliwa. Hoteli ina shuka safi na televisheni, lakini kwa kipimo hicho haina cha kujivunia mbele ya gereza iwapo ndani yake hakuna tabibu. Wala mstari baina ya hivyo viwili haukuwa wazi sana Aprili 2020, pale waliovunja amri ya kutotoka nje usiku walipotishiwa na wengine kupelekwa karantini kama adhabu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Australia. Katika jimbo la Victoria, virusi vilipenya kutoka hoteli za karantini za Melbourne na kuchangia wimbi la pili lililoua mamia ya watu katikati ya 2020. Kwa hiyo, itasemwa, kila mlango unaofunguliwa kwa ajili ya jino au kidonda ni hatari kwa mji mzima. Sikatai hatari hiyo. Lakini uchunguzi wa karantini hizo ulioongozwa na Jennifer Coate, uliotoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2020, haukusema tatizo lilikuwa wingi wa madaktari. Ulionyesha mpango uliobuniwa kama kazi ya usafirishaji na ulinzi badala ya kazi ya afya, wenye idara nyingi na uwajibikaji usiojulikana uko wapi. Udhaifu uliomwacha mgonjwa bila tabibu ndio uliomwacha mlinzi bila mafunzo ya kujikinga.

Uingereza iliandika kanuni nzuri zaidi. Kenya ilipoingizwa kwenye orodha yake nyekundu, ya nchi zilizohesabiwa hatari kwa korona, Aprili 2021, mkaazi wa Uingereza aliyerudi London kutoka Nairobi alilipa pauni 1,750 kwa karantini ya hotelini, na kanuni zilimruhusu kutoka kutafuta matibabu ya haraka au kwa ushauri wa daktari. Ushauri wa daktari ndio ufunguo hapo, maana unaondoa uamuzi mikononi mwa mlinzi. Kinachobaki ni kumpata huyo daktari.

Wagonjwa wanaoupima mpango wa hoteli vikali kuliko wote ni wale waliokwenda nje kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kwa miaka mingi Wakenya na Watanzania wamekuwa wakienda India kutibiwa saratani, moyo na figo, na wapo waliokwama huko mipaka ilipofungwa. Mtu aliyepandikizwa figo anarudi na dawa za kupunguza kinga, ratiba ya vipimo vya damu na kidonda cha kusafishwa. Kumpa huyu chumba na kipimajoto ni uzembe uliovaa sare ya tahadhari. Afadhali ajitenge nyumbani chini ya uangalizi wa kliniki yake, na kama nyumbani hakufai, basi kituo kiwe hospitali.

Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, katika Ibara ya 32, zinaitaka nchi impe au impangie msafiri aliyewekwa karantini chakula, maji na matibabu yafaayo, na Ibara ya 40 inazuia, isipokuwa kwa wanaotafuta ukaazi, kumtoza msafiri gharama za karantini iliyowekwa kulinda umma. Matibabu yasiyohusu ulinzi huo yanaweza kutozwa, na si vibaya mgonjwa alipie insulini yake. Ila muuguzi anayeileta chumbani, mavazi ya kujikinga anayovaa, na simu ya daktari wa zamu usiku ni gharama za karantini na zinapaswa kutoka hazina ya umma. Sura ya 242 ilitungwa enzi za ukoloni na haiyagusi haya. Itakaporekebishwa, kila kituo kitajiwe kwa cheo afisa tabibu mmoja mwenye mamlaka ya kuamuru mlango ufunguliwe bila kuomba ruhusa ya polisi wala meneja wa hoteli, na orodha ya dawa za kila abiria ichukuliwe kwenye uwanja wa ndege, kabla hajapanda basi.