Kabla ya kununua boa, fikiria miaka 20 ijayo

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika vijiji vingi humu nchini, nyoka akionekana uani, kinachofuata ni rungu na mawe.

Hata hivyo, ng'ambo mambo ni tofauti. Nyoka mmoja anayeishi katika maeneo kame ya Kenya hutunzwa ndani ya masanduku ya kioo katika nyumba za watu Marekani na Ulaya. Huko anajulikana sokoni kama boa wa mchangani wa Kenya, licha ya kuwa anapatikana pia Misri, Sudan, Somalia, Ethiopia na Tanzania.

Wengi huchanganya boa na chatu. Wote hawana sumu, na wote huua windo kwa kujiviringisha na kulibana hadi damu ikakoma kuzunguka mwilini. Tofauti kubwa ni kwamba chatu hutaga mayai, ilhali takriban boa wote huzaa watoto walio hai. Aidha, boa wengi asili yao ni mabara ya Amerika, ingawa wapo wengine Madagaska, na jamii ya wale wa mchangani huishi Afrika na Asia.

Kosa kubwa la wanaonunua boa ni kumchagua mtoto wa nyoka bila kumfikiria nyoka mzima. Boa wa kawaida wa Amerika Kusini huzaliwa akiwa na urefu wa karibu nusu mita, na huvutia macho anapojizungusha mkononi. Baada ya miaka michache, jike anaweza kufikia urefu wa mita mbili hadi tatu na kuzidi uzito wa kilo 10. Akitunzwa vyema, huishi miaka 20 hadi 30. Kijana anayemnunua akiwa shuleni huenda bado akawa naye atakapokuwa na watoto wake mwenyewe.

Boa mkubwa kiasi hicho huhitaji makao yenye urefu wa karibu mita mbili, yanayofungwa kwa kufuli, na si busara mtu mmoja kumshika akiwa peke yake. Asiye na nafasi hiyo afadhali amtazame boa wa Amerika ya Kati, ambaye kwa kawaida ni mdogo kidogo, au huyu wa mchangani.

Boa wa mchangani ni mfupi na mnene. Dume ni nadra kuzidi nusu mita, na jike mara nyingi hapiti sentimita 80. Ana rangi ya chungwa au manjano yenye mabaka ya kahawia, kichwa butu na mkia mfupi. Huzika mwili mchangani na kuacha macho nje, akivizia panya au mjusi apite. Kwa hivyo, anayetaka nyoka wa kutazamwa mchana kutwa atavunjika moyo, kwani huyu hushinda amejificha.

Baada ya kuamua aina, mnunuzi amchunguze nyoka mwenyewe. Mwenye afya ana mwili uliojaa, macho maangavu, mdomo safi usio na mapovu, na hapumui kwa sauti ya kukoroma. Macho yakiwa na ukungu huenda anakaribia kujivua ngozi, na ni vyema kusubiri amalize. Kagua katikati ya magamba na pembeni mwa macho uone iwapo kuna utitiri. Kisha mwombe muuzaji amlishe mbele yako au akuonyeshe rekodi ya mlo wake.

Uchunguzi huu si wa bure. Boa hushambuliwa na ugonjwa hatari wa virusi ambao hauna tiba, na ambao virusi vyake viligunduliwa mwaka wa 2012. Nyoka aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu, na utitiri unashukiwa kuueneza. Ndiyo sababu wafugaji wenye uzoefu humtenga nyoka mgeni kwa takriban miezi mitatu kabla ya kumweka karibu na wengine.

Vilevile, uliza alikotoka. Aliyezaliwa kizimbani ni bora kuliko aliyenaswa porini, kwani wa porini mara nyingi huwa na minyoo, hukataa kula, na kunaswa kwake hupunguza wenzake waliobaki. Boa wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hawavushwi mipaka bila vibali.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Boa wa mchangani huhitaji mchanga au maranda ya mbao ya kina cha kutosha kujizika, maji safi, na upande mmoja wenye joto la nyuzi 32 hivi huku mwingine ukiwa na ubaridi kiasi. Mtoto hulishwa panya mdogo kila wiki, na mkubwa kila baada ya wiki mbili. Panya aliyekwisha kufa ni salama zaidi, maana aliye hai anaweza kumjeruhi nyoka. Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka hubeba bakteria za salmonela. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano haifai kuwa naye.

Jambo baya zaidi ni kumwachilia nje nyoka aliyekushinda. Katika kisiwa cha Aruba, boa wageni walionekana mara ya kwanza mwaka wa 1999. Wakaongezeka hadi wakawa tishio kwa ndege na mijusi wa huko, na juhudi za kuwaangamiza hazijafua dafu. Si ajabu kwamba jimbo la Hawaii nchini Marekani limepiga marufuku kabisa ufugaji wa nyoka.

Kwa msomaji aliye Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kumchukua nyoka porini na kumweka nyumbani bila idhini ya serikali. Ukimkuta boa wa mchangani shambani Kitui au Turkana, usimpige wala usimbebe. Hana sumu, na panya anaowala ni wale wale wanaomaliza nafaka yako ghalani.

Na kwa aliye ng'ambo anayetamani kumfuga, akumbuke kwamba apendaye boga hupenda na ua lake. Boa haji peke yake. Huja na panya kwenye friji, gharama ya daktari wa mifugo anayewaelewa nyoka, na wajibu wa miaka mingi. Asiyeweza kuubeba wajibu huo ni heri amwache dukani.