Kodi ya Ngazi

Istilahi ya kodi ya ngazi, nionavyo, ndiyo bora kuliko zote kwa kuitaja ile kanuni ambayo kwayo mwenye kupata zaidi hutozwa fungu kubwa zaidi la pato lake, wala si fedha nyingi zaidi tu. Kwani mwenye kulifuata neno la Kiingereza, "progressive", herufi kwa herufi huangukia "kodi ya maendeleo", jina ambalo Tanzania ililitumia kwa kodi ya kichwa hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Si kila kodi ina ngazi: Kisegi, ufukoni mwa Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, wasemao Kijaluo huita kodi osuru, yaani ushuru, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni fungu la kumi, uwiano usiobadilika kwa fukara wala kwa tajiri. Kodi ya nyumba ya wakoloni ilikuwa kali zaidi, kwa kuwa ilihesabu mapaa, isiulize waliolala chini yake wamekula nini.

Ngazi ina vidato: kwa Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023, shilingi 24,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, na zizidizo 800,000 hutozwa asilimia 35. Wako wanaodhani kwamba apandaye kidato hutozwa pato lake lote kwa kiwango kipya, hata nyongeza ya mshahara ikawatia hofu. La hasha, kila sehemu ya pato hubaki katika kidato chake.

Lakini sheria hiyohiyo iliyoongeza vidato vya juu ndiyo iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani katika petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Na kwa kuwa desturi ya ziwani ni kutoa kwanza gharama ya mafuta, ndipo mapato ya samaki yagawanywe baina ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake, kodi ile humfikia hata kijana asiye na wavu wala mashine, kwa kiwango kilekile alipacho waziri. Vijana walioandamana Juni 2024, hata Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukaondolewa, siwahesabu kuwa maadui wa kugawana mzigo wa kodi. Walidai haki katika kuugawa mzigo huo, haki ambayo Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya imeiandika waziwazi, nami naona ianzie katika petroli ya mtumbwi.