Ukokotoaji wa ukinzani na nguvu ya umeme

Ukokotoaji wa ukinzani na nguvu ya umeme ni hesabu inayoanza na vipimo viwili, volteji na mkondo, na kutoa viwili vingine. Ukinzani (R), unaopimwa kwa omu, ni volteji (V) igawanywe kwa mkondo (I): R = V ÷ I. Nguvu (P), inayopimwa kwa wati, ni volteji mara mkondo: P = V × I. Kanuni ya kwanza ilitangazwa na mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm katika kitabu chake cha mwaka 1827. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kwamba joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Ukiunganisha kanuni hizo unapata P = I² × R, na pia P = V² ÷ R.

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4.35 (1,000 ÷ 230), na ukinzani wa waya wake wa joto ni omu 52.9 (230 ÷ 4.35). Ikiwashwa kwa saa nzima inakula uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), maana uniti ni wati 1,000 kwa saa moja. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, huenda ikapata volti 180 jioni watu wote wanapowasha. Ukinzani wa pasi haubadiliki sana, kwa hiyo nguvu inakuwa 180² ÷ 52.9, yaani wati 612 tu. Volteji imepungua kwa karibu asilimia 22, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 39. Pasi ni nzima. Kosa liko kwenye laini, na fundi asiyepima volteji kwanza atamnunulisha mteja kifaa kipya bure.

Hesabu hizi zina uzito wa pekee mkoani Katavi. Kwa miaka mingi Mpanda, makao makuu ya mkoa, ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, shirika la umeme la taifa, nje ya gridi ya taifa. Njia iliyojengwa kuunganisha mkoa na gridi inatoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, kilomita 383, kwa msongo wa kilovolti 132. Sababu ya msongo mkubwa kiasi hicho ni P = I² × R. Megawati 10 zikisafirishwa kwa kilovolti 33, kila waya kati ya nyaya tatu hubeba karibu ampea 175. Kwa kilovolti 132 hubeba karibu 44. Mkondo umepungua mara nne, na umeme unaopotea njiani kwa joto, kwa nyaya zilezile, umepungua mara kumi na sita.

Kanuni hiyohiyo humfikia mkulima wa Litapunga, kata ya Halmashauri ya Nsimbo, anayetumia sola. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa betri ya sola kwa kawaida ni volti 12. Vifaa vya wati 60 huvuta ampea 0.26 kwenye umeme wa TANESCO, lakini ampea 5 kwenye betri hiyo. Tuseme betri iko nyumba kubwa na taa na televisheni ziko umbali wa mita 20. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 40. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa mita moja yenye unene wa milimita moja ya mraba. Waya wa milimita za mraba 1.5 utakuwa na 0.0172 × 40 ÷ 1.5, yaani omu 0.46. Kwa ampea 5, volti 2.3 zinaishia njiani na wati 11.5 zinageuka joto. Televisheni inabaki na volti 9.7, inazima, na lawama inaangukia betri. Waya wa 2.5 ungepunguza upotevu hadi volti 1.4 hivi, wa 6 hadi chini ya 0.6. Waya nao ni mkinzani, na kwenye volti 12 ukinzani huo mdogo haupuuziki.

Kuna mahali R = V ÷ I hudanganya. Balbu ya uzi ya wati 60 ina ukinzani wa omu 882 ikiwaka, lakini ikizimwa na kupoa multimita husoma chini ya omu 100, kwa sababu ukinzani wa uzi hupanda sana kwa joto. Mota za mashine za kusaga na friji nazo ni tofauti: omu chache zinazosomeka kwenye koili hazitoshi kueleza mkondo wake, kwani usumaku wa koili nao huuzuia. Kwa mota ya fezi moja huzidishwa pia pawafakta, yaani sehemu ya volteji mara mkondo inayofanya kazi kweli: volti 230 mara ampea 10 mara 0.8 ni wati 1,840, si 2,300. Mota inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida, ndiyo maana taa za jirani hufifia mashine ikiwashwa.

Volteji hupimwa kwa kugusisha testa za multimita pande mbili za kifaa kinachofanya kazi. Mkondo hupimwa kwa kuipitisha multimita ndani ya njia ya umeme, au kwa klampu inayokumbatia waya mmoja. Ukinzani hupimwa umeme ukiwa umezimwa kabisa. Ewe unayefunga sola, kabla hujanunua waya pima umbali, uzidishe kwa mbili, na ukatae waya utakaopoteza zaidi ya nusu volti kwenye betri ya volti 12.